Mwaka wa kwanza wa ndoa ugenini: mwongozo kwa aliyetangulia na aliyemfuata

Wanandoa wengi wanaohamia nje hawafiki siku moja. Mmoja alitangulia, akasoma au akapata kazi, akajua basi lipi linaenda wapi. Mwingine alifunga naye ndoa, akasubiri viza, akamfuata. Kwa hiyo nyumba inaanza ikiwa na mwenyeji mmoja na mgeni mmoja, ingawa wote wawili ndio wenye nyumba. Mwenyeji ana lugha, akaunti ya benki, marafiki, na jina lake liko kwenye mkataba wa pango. Mgeni ana begi na hati ya ndoa.

Ugomvi mwingi wa mwaka wa kwanza ukiuchimba utakuta mzizi wake uko hapo. Watu husingizia baridi, wakwe au tabia zisizoendana. Mara nyingi shida ni kwamba mtu mzima aliyekuwa akijitegemea sasa anaomba nauli. Ndiyo maana mwongozo huu una lengo moja tu: mwaka ukiisha, mgeni aweze kufanya peke yake kila jambo ambalo mwenyeji anaweza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na ugenini jembe lenyewe ni funguo, kadi ya benki, nywila na haki ya kusaini.

Kama mmefika pamoja na nyote ni wageni, hatua ni hizi hizi. Tofauti ni kwamba mtagawana: kila mmoja akijifunza jambo, amfundishe mwenzake wiki hiyo hiyo, la sivyo baada ya miezi miwili mtakuwa mmeshajitengenezea mwenyeji na mgeni wenyewe.

Hatua ya 1: Kabla ya kupanda ndege

Anza na majina. Weka pasipoti, cheti cha kuzaliwa, hati ya ndoa na vyeti vya shule mezani, kimoja kando ya kingine, usome herufi kwa herufi. Kama pasipoti inasema Mohamed na cheti cha kuzaliwa kinasema Muhammad, shughulikia sasa: rekebisha, au pata hati ya kiapo inayosema kwamba wote ni mtu mmoja. Ukishaondoka, kila karatasi utaifuatilia kwa kumbembeleza ndugu kwenye simu. Na kama unataka kubeba jina la mwenzi wako, amua kabla ya kuomba viza, maana pasipoti, viza na tiketi lazima visomeke jina moja.

Kisha uthibitisho. Nchi zilizomo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961 hukubali hati za wenzao zikiwa na cheti kimoja kiitwacho apostili. Kama nchi unayotoka au unayokwenda haimo, hati hupitia wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Nchi nyingi hutaka pia tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa. Usilipie tafsiri kabla ya mihuri kukamilika, kwa sababu mihuri nayo hutafsiriwa na utajikuta unalipa mara mbili.

Vinavyosahaulika ni kadi ya chanjo, majina ya dawa unazotumia (jina la dawa yenyewe, si la kiwanda), vipimo vya miwani, barua za waajiri wa zamani, na orodha ya masomo uliyosoma chuoni pamoja na alama zake. Leseni ya udereva pia. Ujerumani huruhusu leseni nyingi za nje kwa miezi 6 tangu uhamie, Uingereza kwa miezi 12. Baada ya hapo ni kubadilisha au kufanya mtihani upya. Hati halisi zote zikae kwenye begi la mkononi. Picha zake ziwe kwenye barua pepe yako mwenyewe, si ya mwenzako.

Mwenyeji naye ana kazi yake kabla ya safari, na ndiyo wengi huikwepa: kusema ukweli. Kama unaishi chumba kimoja na jiko mnachangia na wapangaji wengine, mwonyeshe kwa video, usimtumie picha ya kona nzuri tu. Kama una deni, litaje na useme litaisha lini. Kama unafanya kazi usiku, aelewe kwamba mchana utakuwa umelala. Mgeni aliyeambiwa ukweli hufika akiwa amejiandaa. Aliyedanganywa hufika, anatazama kuta, anaanza kujiuliza ni nini kingine hakuambiwa.

Mzungumze pia mambo matatu: mnakaa huko miaka mingapi, ndugu watasaidiwa kwa kiasi gani, na mtoto mnamtaka lini. "Tutaona hukohuko" halihesabiki kuwa jibu.

Hatua ya 2: Wiki mbili za kwanza

Mwenyeji achukue likizo, hata ya siku chache. Kazi kubwa ya wiki hizi ni kuandikishwa. Ujerumani hutaka ujiandikishe kwenye ofisi ya mtaa ndani ya wiki mbili tangu uhamie kwenye nyumba. Sweden, anayekuja kukaa mwaka mmoja au zaidi hujiandikisha kwa mamlaka ya kodi ili apate namba ya utambulisho, na bila namba hiyo hata kufungua akaunti ya benki ni shida. Uingereza imeachana na kadi za plastiki za ukaazi, nyingi ya hizo zikiisha muda tarehe 31 Desemba 2024, na sasa hadhi yako unaisoma mtandaoni, kwenye akaunti ya uhamiaji. Akaunti hiyo ifunguliwe kwa barua pepe na simu ya mgeni mwenyewe. Mwenyeji mwenye haraka huweka zake ili mambo yaende, na miaka mitatu baadaye mtu hawezi kuthibitisha kwamba yupo nchini kihalali mpaka amwombe mwenzake ujumbe wa siri ulioingia kwenye simu.

Kufikia mwisho wa wiki ya pili, mgeni awe na:

- funguo zake mwenyewe, seti nzima
- laini ya simu yenye salio au intaneti
- anwani ya nyumba na msimbo wa posta, kichwani
- namba ya dharura: 112 kwenye Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, 000 Australia
- usajili kwa daktari au kadi ya bima ya afya

La mwisho halimo kwenye orodha kwa sababu linahitaji maelezo: awe ameshatoka na kurudi peke yake. Lipangwe kabisa. Aende kituo cha tatu, anunue sabuni, arudi. Mwenyeji abaki nyumbani na simu mkononi, asimfuate nyuma kimyakimya. Wengi hukwama mlangoni, wala si njiani. Mlango wa jengo unajifunga nyuma yako. Ukirudi unakuta ubao wa vitufe ishirini vyenye majina, na jina lililo kwenye kitufe chenu ni la mpangaji aliyehama zamani. Ufunguo mfupi ni wa mlango wa chini, mrefu wa juu, na wa juu haufungui mpaka uuvute mlango kwako kidogo ndipo uzungushe. Mwenyeji ameshasahau kwamba naye kuna siku hakuyajua haya, na usipomwambia hatayataja.

Hatua ya 3: Jua kibali chako kimesimama juu ya nini

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo maneno ya mtaani yanapoharibu watu. Kila aliyefuata mwenzi anapaswa kujua, kwa kusoma barua yake mwenyewe, mambo manne: kibali kinaisha tarehe gani, kinaruhusu kazi au la, kinategemea ndoa mpaka lini, na maombi yanayofuata yanafunguliwa lini.

Nchi zinatofautiana sana. Marekani, kama ndoa ilikuwa na umri wa chini ya miaka 2 siku ulipopewa ukaazi wa kudumu, kadi yako ni ya masharti na hudumu miaka 2. Mnatakiwa kuomba pamoja kuondolewa masharti ndani ya siku 90 kabla haijaisha. Ukipitisha, unaweza kupoteza hadhi. Nchini humo pia ukihama nyumba unatakiwa kutoa taarifa ya anwani mpya kwa idara ya uhamiaji ndani ya siku 10, jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui. Uingereza, viza ya mwenzi inayoombwa ukiwa nje huwa ya miezi 33, inafuatiwa na nyingine ya miezi 30. Ujerumani, kwa kawaida mwenzi hupata haki ya kukaa inayojitegemea baada ya miaka 3 ya kuishi pamoja nchini humo kama wanandoa. Australia huanza na viza ya muda, ya kudumu ikitazamwa baadaye. Kanada ilifuta masharti ya aina hii kwa wenzi mwaka 2017, kwa hiyo aliyeingia kama mkaazi wa kudumu ni mkaazi wa kudumu. Sheria hizi hubadilishwa, basi tarehe unayoifuata iwe ile iliyo kwenye barua yako, uilinganishe na tovuti rasmi ya uhamiaji, si na aliyefika mwaka 2015.

Ukishazijua, andika tarehe kwenye kalenda za simu zote mbili: miezi sita kabla, miezi mitatu kabla, na siku yenyewe. Anzeni pia bahasha ya ushahidi wa kuishi pamoja: mkataba wa pango wenye majina mawili, bili, barua za serikali na benki zilizokuja kwa kila mmoja kwenye anwani ile ile, tiketi za safari mlizokwenda wote. Maofisa hutaka karatasi zilizosambaa katika kipindi chote, kwa hiyo rundo la mwezi mmoja haliwasaidii. Picha za harusi ni nzuri, lakini bili ya maji yenye jina lako ina uzito zaidi.

Pasipoti na kibali cha mgeni vikae mahali anapopafikia yeye bila kuuliza. "Nimekutunzia" ni neno la upendo siku ya kwanza. Mwezi wa nne halina sababu tena.

Na kuna jambo ambalo wanaodhulumu hutegemea lisijulikane. Maneno ya "ukiniacha unarudishwa kwenu" mara nyingi si kweli kama yanavyosemwa. Marekani, aliyetalikiana au aliyeteswa na mwenzi wake anaweza kuomba kuondolewa masharti peke yake. Uingereza ina njia ya aliyevunjikiwa ndoa kwa sababu ya ukatili kuomba makazi ya kudumu. Ujerumani haishikilii ile miaka 3 pale ambapo kuna mateso, na Australia nayo ina vifungu vya ukatili wa kifamilia kwenye viza za wenzi. Mwanasheria wa uhamiaji, hata wa msaada wa bure, ndiye wa kumuuliza. Usimuulize anayekutisha.

Hatua ya 4: Pesa

Mwezi wa kwanza mgeni afungue akaunti kwa jina lake, hata kama haina kitu. Akaunti ya pamoja ni nzuri kwa pango, bili na chakula, lakini haichukui nafasi ya akaunti ya mtu binafsi. Mpango ninaoupendekeza ni akaunti tatu: ya pamoja, na moja moja ya kila mtu. Mapato yanaingia, gharama za nyumba zinaenda kwenye ya pamoja, kinachobaki kinagawanywa kwenda kwenye zile mbili.

Asiye na mshahara naye apate fungu lake kila mwezi, na liingie lenyewe kwa agizo la kudumu la benki, tarehe ile ile. Sisitiza hapo kwenye "lenyewe". Mwenyeji mkarimu atakwambia, "Si akihitaji anasema tu, mimi simnyimi." Humnyimi, lakini umemfanya aseme. Mtu mzima anayetaka pedi, kinyozi au vocha ya kumpigia mama yake hapaswi kutafuta saa ambayo mwenzake ana uso mzuri.

Kaeni chini mara moja kwa mwezi na karatasi. Mgeni aone mshahara halisi baada ya makato, maana mshahara unaotajwa na unaoingia benki ni vitu viwili. Aone pango linakula kiasi gani, bima, usafiri, deni. Wengi waliofuata wenzi wao walifika wakiamini kuna pesa nyingi zinafichwa. Siku walipoiona hesabu ndipo nongwa ilipoisha.

Kuhusu kutuma nyumbani: wekeni kiasi kimoja kwa mwezi, upande wa mume na upande wa mke vihesabiwe kwa kanuni moja, na kiasi kingine kidogo cha dharura kama msiba na hospitali. Ndugu waambiwe mara moja, na kila mmoja awaambie wa kwao. Mke asiwe ndiye anayewaambia mashemeji kwamba hela haipo, wala mume asiwaambie ndugu wa mke. Kabla ya kutuma, linganisha kiasi kitakachopokelewa upande wa pili, si ada peke yake, kwa sababu kampuni nyingi hujilipa kupitia kiwango cha kubadilishia fedha. Umoja wa Mataifa umeweka lengo la gharama kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Ukiona unakatwa zaidi ya mara mbili ya hapo, tafuta njia nyingine.

Jambo la mwisho la pesa: Marekani, Kanada na Uingereza, historia yako ya mikopo ya ulikotoka kwa kawaida haikufuati. Unaanza sifuri. Bili moja ya simu kwa jina la mgeni, ikilipwa kwa wakati, au kuongezwa kwenye kadi ya mwenzi pale sheria za benki zinaporuhusu, humjengea jina. Bila hivyo, siku akitaka kupanga nyumba au kununua gari hajulikani popote.

Hatua ya 5: Lugha, na barua mlangoni

Jiandikishe darasani mwezi wa kwanza, usisubiri "nizoee kwanza". Ujerumani, kozi ya kawaida ya kujumuika huwa na vipindi 600 vya lugha na 100 vya kujifunza nchi inavyoendeshwa. Sweden hufundisha wahamiaji Kiswidi bure. Kanada ina madarasa ya bure kwa wakaazi wa kudumu, na Australia ina programu ya Kiingereza kwa wahamiaji inayolipiwa na serikali. Waulize kama kuna malezi ya mtoto wakati wa darasa, baadhi wanayo.

Darasa halitoshi bila mabadiliko nyumbani. Angalia jambo dogo linalotokea nyumba nyingi. Barua imeingia. Bahasha ina dirisha la plastiki, na ndani yake linaonekana jina la mgeni. Mgeni anaishika, anaigeuza, anaiweka juu ya friji. Jioni mwenyeji anaifungua, macho yanapita juu yake sekunde nne, anasema, "Ah, si kitu, ni ya bima," anaikunja. Amesaidia, na amemnyang'anya mwenzake barua yake. Njia iliyo bora ni ndefu zaidi: mgeni aifungue mwenyewe, atafute tarehe, kiasi cha pesa na neno linaloonyesha kama ni bili au taarifa, apige picha apate tafsiri kwenye simu, kisha aseme anavyodhani. Mwenyeji asahihishe. Baada ya miezi michache mgeni atakuwa anatofautisha bili, onyo na tangazo bila msaada.

Hospitalini mwenzi asiwe mkalimani. Kuna mambo ya mwili na ya moyo ambayo hutayasema mbele yake, na kuna ambayo atayafupisha kwa nia njema. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza hutoa mkalimani bila malipo, na hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinalazimika kusaidia kwa lugha. Omba wakati unapoweka miadi, si ukiwa umeshafika.

Hatua ya 6: Kazi, na anayekaa nyumbani

Kabla ya kuitana wavivu, angalieni kibali. Marekani, kwa mfano, mwenzi aliyemfuata mwanafunzi kwa viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi kabisa, na kufanya kwa kificho kunaweza kuwaharibia wote wawili. Taaluma kama uuguzi, ualimu, sheria na umeme huhitaji kutambuliwa na bodi ya nchi husika, nayo huchukua miezi. Peleka vyeti mapema hata kama lugha bado.

Kazi ya kwanza pengine itakuwa chini ya elimu yako. Ni sawa, ila iwekewe mwisho: miezi kadhaa ya kupata mapato na kuzoea watu, huku usiku mmoja au miwili kwa wiki ni ya darasa au kufuatilia vyeti. Ukiiacha bila mwisho, inakula miaka.

Neno kwa mume aliyemfuata mke. Wapo wengi sasa, hasa wake wakiwa wauguzi, na huandikiwa kidogo. Mke anarudi kazini amechoka, mume amekaa siku nzima peke yake, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze kumpokea. Mume anaona akipika amejishusha. Mke anaona akiomba apikiwe atasemwa kwao. Ongeeni kabla halijawa kidonda. Mume chagua kazi za nyumba ambazo ni zako kabisa, ambazo mke hahitaji kukumbusha, na ndugu wakiuliza kwenye simu unafanya nini siku hizi, jibuni wote jibu moja lililo kweli: anasoma lugha na kushika nyumba mpaka vyeti vitoke. Mke anayemtania mume wake mbele ya mashoga zake kuhusu hili anajipandia shida.

Kazi za nyumbani zenyewe zigawanywe kwa saa mnazokuwepo, siyo kwa kumbukumbu za nani alifanya nini kwenu. Huko mlikotoka pengine palikuwa na mdogo wako, jirani au dada wa kazi. Hapa mko wawili na lifti mbovu.

Hatua ya 7: Mkigombana

Mtagombana, na mazingira yatawashangaza. Nyumba ni ndogo, nje kuna baridi, hakuna kwa shangazi pa kwenda kupoa. Pangeni mapema mtu akikasirika anakwenda wapi: kuzunguka mtaa, chumba cha pili, maktaba. Na anasema, "Nakwenda kupoza kichwa, narudi saa mbili." Kutoka bila neno ugenini kunatisha zaidi kuliko nyumbani, hasa kwa asiyejua mji.

Usipige simu nyumbani usiku wa ugomvi. Utalia, mama atalala na presha, kesho mtakuwa mmepatana na yeye bado ana hasira na mkwewe. Chagueni mtu mzima mmoja, mnayemkubali wote, mwenye kuweza kumwambia kila mmoja wenu kuwa amekosea. Huyo ndiye apigiwe. Makundi ya familia ya WhatsApp yasipate habari, wala hali ya WhatsApp isiandikwe mafumbo. Kila shangazi anajua kuyasoma.

Kelele za usiku huleta polisi nchi nyingi, wakiitwa na jirani msiyemjua jina. Mkono ukinyanyuka ni jinai, na kesi inaweza kuendelea hata aliyepigwa akisema amesamehe. Aliyepigwa atoke au apige namba ya dharura. Kama huwezi kuzungumza, usikate haraka: ukipiga 999 Uingereza kwa simu ya mkononi na ukashindwa kusema, utaombwa ubonyeze 55 ili uunganishwe na polisi. Simu ya mkononi yako isiwe na nywila anayoijua mwenzako tu, na hati zako, kama tulivyosema, uzijue zilipo.

Hatua ya 8: Mwezi wa tatu hadi wa saba

Mwanzo kila kitu ni kipya. Kisha ugeni unachuja na kinabaki kimya. Kwa wengi mwezi wa tatu au wa nne ndio mzito: usingizi unapotea au unazidi, chakula hakina ladha, unamchukia mwenzi wako kwa sababu tu yeye ndiye aliyekuleta. Kama umefika wakati wa baridi kaskazini, ongeza giza: Stockholm mwezi Desemba hupata mwanga wa jua kama saa 6 tu. Toka nje mchana hata nusu saa. Huduma ya afya ya Uingereza hushauri mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku wakati wa vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kuitumia mwaka mzima. Muulize daktari wako. Huzuni ikipita wiki mbili mfululizo bila kulegea, nenda kwa daktari. Usingoje mwenzako aone.

Dawa nyingine ni marafiki wa mgeni mwenyewe. Marafiki wa mwenyeji ni wazuri, lakini walikuwa wake kabla hujaja, na hutawaeleza yaliyo moyoni juu yake. Darasa la lugha, msikiti au kanisa, timu ya mpira, kikundi cha kina mama wenye watoto wachanga, popote unapokwenda wiki hadi wiki ukawakuta watu wale wale. Mwenyeji asihoji kila ujumbe. Na usiishie kwa wa kwenu tu: jamii ndogo ya ugenini husaidia siku ya msiba, lakini pia hupeleka habari zako mbali kwa kasi ya ajabu.

Simu za nyumbani zipangiwe siku, mkiangalia tofauti ya saa. Anayezungumza na kwao saa tatu nzima kila jioni, mwenzake amekaa kando, hajahama bado.

Mimba ikiingia katika kipindi hiki, msichelewe. Hakikisheni bima inagharimia uzazi, maana baadhi ya bima binafsi huwa na muda wa kusubiri. Uingereza, miadi ya kwanza na mkunga inatakiwa ifanyike kufikia wiki ya 10. Na anzeni kufikiria nani atakuja kusaidia, kwa kuwa viza ya bibi nayo huombwa mapema.

Hatua ya 9: Mwezi wa kumi na moja

Kabla mwaka haujafunga, mwenyeji asafiri au ajifanye amesafiri kwa siku tatu. Mgeni abaki na kila kitu: bili inayotakiwa kulipwa, takataka za siku yake, miadi ya daktari, fundi wa bomba akiitwa. Mahali atakapokwama ndipo pa kufundishia mwezi uliobaki. Mwenyeji naye aandike anavyoshindwa bila mgeni, maana mwaka huu kuna mambo ambayo mgeni ndiye ameyashika, na pengine hajui hata soksi zake zinawekwa wapi.

Kisha fanyeni mambo ya karatasi: jina la pili kwenye mkataba wa pango kama bado halijaingia, jina la mrithi kwenye bima na pensheni kazini, hadhi ya ndoa kwenye mamlaka ya kodi, kwa kuwa nchi kadhaa hukata tofauti ukishaoa au kuolewa. Marekani mnaweza kuwasilisha kodi kwa pamoja, na Ujerumani wanandoa wanaweza kuchagua daraja la kodi. Kabla ya kuchagua lile linalomwongezea mmoja mshahara, pigeni hesabu ya linavyompunguzia mwingine, kwa sababu baadhi ya mafao hupimwa kwa mshahara baada ya makato. Fungueni bahasha ya ushahidi, mwone mwezi gani hauna karatasi, muujaze. Kama kibali kinaisha ndani ya miezi sita, wekeni miadi wiki hii.